Mtoto Mwenye Ualbino Akimbie, Lakini Avae

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunajibu barua iliyotufikia kutoka kwa mama mmoja wa parokia ya kijijini. Binti yake ana ualbino, yuko darasa la tano, na imeonekana kwamba ana mbio kuliko wenzake wote wa darasa. Mwalimu wa michezo amemchagua kukimbia mita 800 katika mashindano ya shule za kata. Shida ni sare. Timu inavaa singlendi na bukta, na mwalimu ameshatangaza kwamba asiyevaa sare hatakimbia. Mama anauliza: je, amkatalie mwanawe asikimbie, au amwache aende akaungue?

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba halazimiki kuchagua moja kati ya hayo mawili. Mtoto akimbie, lakini avae. Mahali pengi tumeona mtoto mwenye ualbino akiwekwa chini ya mti kutunza viatu vya wenzake wakati wa michezo, na watu wakidhani kwamba huko ndiko kumhurumia. Mazoezi ni haki yake na ni afya yake kama watoto wengine. Kinachotakiwa kubadilika ni nguo, na nguo hiyo fundi cherehani yeyote wa mtaani anaweza kuishona.

Kwanza tueleze ni kwa nini jambo hili si dogo.

Jua linavyodhuru ngozi

Mwanga wa jua una miale ya namna nyingi. Ipo tunayoiona kwa macho, ipo tunayoihisi kama joto, na ipo ambayo hatuioni wala hatuihisi. Hii ya mwisho wataalamu huiita miale ya urujuanimno, kwa sababu iko ng'ambo ya rangi ya urujuani katika upinde wa mvua. Ndiyo inayounguza ngozi na kuharibu chembechembe zake polepole, mwaka hadi mwaka. Mwaka 1992 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka mwanga wa jua katika kundi la mambo ambayo hayana shaka tena kwamba huleta saratani kwa binadamu.

Mungu amewapa wengi wetu mwavuli wa kuzaliwa nao, yaani rangi nyeusi ya ngozi iitwayo melanini. Watafiti wa Marekani waliopima jambo hili mwaka 1979 waliona kwamba ngozi ya juu ya mtu mweusi ina kinga ya takribani 13, ambapo ya mtu mweupe ni kama 3 tu. Mtu mwenye ualbino hana mwavuli huo, au anao kidogo sana, kwa kuwa mwili wake hautengenezi melanini ya kutosha. Amerithi hali hiyo kwa baba na kwa mama, wote wawili, hata kama wao wenyewe ni weusi. Kwa hiyo akina baba wanaomlaumu mama peke yake waache, maana hakuna mtoto anayezaliwa na ualbino bila wazazi wote kuchangia. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wenye ualbino 16,477 katika Tanzania.

Mara nyingi tumesikia habari za ukatili dhidi ya ndugu zetu hawa, na ni sawa zisikike na kulaaniwa. Lakini yupo adui mwingine asiyetangazwa redioni, naye ni saratani ya ngozi. Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa saratani ya ngozi hospitalini hapo. Nusu yao walikuwa na umri usiozidi miaka 30. Wengi uvimbe au kidonda kilikuwa kichwani na shingoni, na kwa kawaida mgonjwa alikuwa amekaa nacho kama miaka miwili kabla ya kufika, wengi wakieleza kuwa fedha ndizo zilizowachelewesha. Mtu anayefariki akiwa na miaka 30 kwa ugonjwa huu aliungua zaidi alipokuwa mtoto, akicheza, akichota maji, akichunga mbuzi, akisimama mstarini shuleni. Ndiyo maana tunazungumza na wazazi wa mtoto wa darasa la tano, wala hatungoji awe mtu mzima.

Singlendi ina ubaya gani?

Hebu fikirini vazi lenyewe. Singlendi huacha wazi mabega, mikono yote, sehemu ya juu ya mgongo na shingo. Bukta huacha wazi mapaja na miguu. Mabega na juu ya mgongo ndizo sehemu zinazoelekea juu, hivyo hupokea jua la mchana moja kwa moja, kama paa la nyumba. Tena jezi nyingi za kisasa zina matundu madogo madogo ubavuni na mgongoni ili kupitisha hewa. Matundu hayo hupitisha jua pia. Mtoto mwenye ualbino anaweza kuvuliwa jezi ya namna hiyo jioni akakutwa na madoa mekundu yaliyopangwa kama wavu.

Tuelewane hapa kwamba si kila kitambaa ni kinga. Wazazi wengi hudhani kwamba maadamu mtoto amefunikwa, basi amekingwa. Fulana nyeupe ya pamba, ile nyepesi inayouzwa kwa bei rahisi, hupitisha takriban sehemu 1 ya kila sehemu 7 za miale mibaya. Ikilowa jasho au maji hali huwa mbaya zaidi, ikapitisha hata sehemu 1 ya kila 3. Na mkimbiaji gani asiyelowa jasho?

Huko Australia na New Zealand, ambako watu weupe wengi wanaishi chini ya jua kali na saratani ya ngozi ni nyingi mno, mwaka 1996 waliweka kipimo rasmi cha nguo za kukinga jua. Nguo hupimwa kwenye maabara na kupewa namba. Namba 50, kwa mfano, maana yake ni kwamba katika sehemu 50 za miale, sehemu 1 tu ndiyo inayopenya. Siku hizi nguo za namna hiyo huonekana mara moja moja hata kwenye mitumba, zikiwa na kilebo chenye namba ndani ya kola. Mkiikuta ya 50 na ni nzima, inunueni. Ila msiisubiri, kwa sababu vitambaa vya kawaida vinavyofaa viko sokoni kila siku.

Namna ya kuchagua kitambaa

Kipimo cha nyumbani ni hiki. Ingizeni mkono ndani ya shati, linyoosheni, kisha litazameni kuelekea mwanga wa dirishani. Mkiona umbo la vidole vyenu, basi na jua litaiona ngozi ya mtoto. Msipoona kitu, kitambaa hicho kinafaa. Kisha lilowesheni na kulitazama tena, maana ndivyo litakavyokuwa mtoto akikimbia.

Jambo kubwa kuliko yote ni jinsi nyuzi zilivyosukwa. Kitambaa kilichosukwa kwa kubana, kama kaki ya sare za shule, tetroni nzito au jinzi, hukinga vizuri sana. Jinzi ya buluu karibu haipitishi kitu, lakini nani atakimbia mita 800 na suruali ya jinzi? Kwa mkimbiaji tunashauri poliesta au tetroni iliyosukwa kwa kubana, isiyo na matundu. Poliesta ina sifa ya kunyonya miale mibaya yenyewe kuliko pamba, ni nyepesi, na hukauka upesi. Jezi nyingi za mpira wa miguu zenye mikono mirefu, zile za walinda mlango, zimetengenezwa kwa kitambaa hicho, na kwenye mitumba hazigombewi sana. Mzazi atafute humo kwanza.

Rangi nayo ina kazi yake. Katika vitambaa viwili vya aina moja, chenye rangi iliyokolea hukinga zaidi kuliko cheupe au chenye rangi ya maziwa. Buluu, nyekundu, kijani cha mgomba na zambarau ni nzuri. Fulana iliyopauka kwa kufuliwa miaka mingi, ile ambayo mama huiona bado inafaa kwa kuchezea, ndiyo isiyofaa hata kidogo. Hata hivyo fulana mpya ya pamba huongezeka kinga kidogo ikifuliwa mara chache za kwanza, kwa sababu hujikaza na nyuzi husogeleana. Kwa hiyo ifueni kabla ya kuivaa mara ya kwanza.

Jambo la mwisho ni kubana. Kuna nguo za kuvutika zinazoshika mwili, ambazo wakimbiaji wa televisheni huzivaa. Kitambaa kikivutika, nafasi kati ya nyuzi hupanuka, na kinga hupungua. Mtoto asivalishwe ya mdogo wake. Avae iliyo pana kidogo, yenye nafasi ya hewa kati yake na ngozi.

Lakini si atapata joto?

Hili ndilo pingamizi tunalolisikia zaidi, hasa kutoka kwa walimu, na ni pingamizi la haki. Mtu anayekimbia hutoa joto jingi, na joto hilo lisipotoka anaweza kuanguka. Lakini si kweli kwamba ngozi wazi ndiyo pekee inayopoa. Mwaka 1980 wanasayansi walichunguza ni kwa nini Mabedui wa jangwani huvaa majoho meusi katika jua kali. Waligundua kwamba joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa, joho liwe jeusi au jeupe, kwa sababu joho ni pana na hewa hupita ndani yake. Ni kweli Mabedui wale hawakuwa wakikimbia. Hata hivyo somo la upana linabaki pale pale, kwamba shati refu lililo pana, lililoachwa nje ya bukta, hupitisha upepo kutoka chini hadi kwenye kola, na mkimbiaji hupoa.

Tena mbio za mita 800 kwa mtoto wa shule huisha ndani ya dakika chache. Kinachomuunguza mtoto si dakika hizo. Ni saa nne au tano anazokaa uwanjani, kabla na baada, akishangilia wenzake na kungoja kuitwa. Mkizingatia hilo mtaona kwamba nguo ya kungojea ni muhimu kuliko nguo ya kukimbilia. Basi mtoto aende na khanga au shuka la kujifunika mabegani na miguuni, mwavuli, na maji ya kunywa, na mwalimu amtafutie kivuli cha kweli cha mti au ukuta. Turubai jeupe jembamba ni kivuli hafifu.

Namna ya kushona vazi la mbio

Tunawapa mafundi wetu maelekezo, na akina mama wa WAWATA wenye vyerehani parokiani tunawaomba walitazame jambo hili kama kazi yao. Shati liwe na mikono inayofika kwenye kifundo cha mkono, na mwishoni mwa mkono liwekwe tundu la kupitisha kidole gumba, ili kitambaa kifunike mgongo wa kiganja. Sehemu hiyo husahauliwa na kila mtu, nayo ndiyo inayopigwa na jua siku nzima. Kola iwe ya kusimama, ya kufunika shingo. Suruali iwe ya traksuti nyepesi au bukta ndefu ya kufika chini ya magoti, na soksi ndefu za mpira zipandishwe hadi zikutane nayo.

Kama shule haina uwezo na inataka wote wavae singlendi ile ile, ipo njia rahisi. Mtoto avae shati la mikono mirefu la rangi moja na singlendi, na singlendi juu yake. Namba na jina la shule vitaonekana, na sare itabaki sare. Soksi ndefu za mpira zilizokatwa sehemu ya unyayo huweza pia kuwa mikono ya kuvaa na kuvua, zikishonewa utepe wa mpira juu. Tunaipenda njia hiyo kwa kuwa haigharimu karibu kitu chochote, ila zisiwe zimevutika mno hadi ngozi ionekane.

Kichwani ndipo penye kazi zaidi, kama tulivyoona kwa wagonjwa wa Bugando. Kofia ya kapelo yenye ukingo wa mbele tu huacha masikio na kisogo wazi. Kofia ya pama yenye ukingo wa sentimita 7 au zaidi kuzunguka pande zote ndiyo bora wakati wa kungoja. Wakati wa kukimbia hupeperuka, hivyo ishonewe kamba ya kufungia chini ya kidevu. Au fundi achukue kapelo na kuishonea kipande cha kitambaa kinachoshuka kutoka sikio hadi sikio na kufika mabegani, kama askari wa jangwani. Watoto wengine watacheka siku ya kwanza. Mwalimu akiwaeleza sababu, wataacha.

Ukingo wa kofia husaidia na macho pia. Karibu watu wote wenye ualbino huona kwa shida, na mwanga mkali huwaumiza. Mtoto anaweza kukosa kuuona mstari wa chokaa na kuingia njia ya mwenzake, kisha akaondolewa mashindanoni kwa kosa ambalo si uzembe. Katika michezo ya kimataifa ya walemavu wapo wakimbiaji wasioona vizuri wanaoruhusiwa kukimbia na mwenzi wa kuwaongoza. Kwa shule zetu, walau mtoto apewe njia ya ndani kabisa, iliyo kando ya nyasi, na apitishwe uwanjani mapema auzoee.

Je, sheria za michezo zinakataza?

Hapana. Mama aliyetuandikia anaweza kumwonyesha mwalimu aya hii. Sheria za riadha za dunia hudai nguo iwe safi, isiyokera, na isiyoonyesha mwili hata ikilowa. Hazisemi kwamba mikono iwe mifupi. Katika mpira wa miguu, sheria ya vifaa vya mchezaji huruhusu fulana ya ndani yenye rangi moja na mkono wa jezi, na huruhusu kifuniko cha kichwa kisicho na hatari chenye rangi nyeusi au rangi ya jezi. Timu ya Albino United ya Dar es Salaam, iliyoundwa mwishoni mwa miaka ya 2000, iliwahi kucheza ligi za mtaani huku wachezaji wake wakikabiliana na jua hili hili. Kwa hiyo sare inayomlazimisha mtoto kuungua ni desturi ya shule tu. Nayo desturi ya shule inaweza kubadilishwa katika kikao kimoja cha wazazi na walimu, na kwa maoni yetu kikao hicho kingepaswa kuitwa kabla mtoto hajachaguliwa, siyo baada ya hapo.

Saa za kukimbia

Walimu wa zamani walikuwa na hekima kuweka mchakamchaka alfajiri. Saa 12 na nusu asubuhi miale mibaya ni midogo sana, na mtoto mwenye ualbino anaweza kuimba na kukimbia na wenzake bila hofu kubwa. Hatari huanza kupanda saa 3, hukaza kuanzia saa 4 asubuhi, na hulegea baada ya saa 10 jioni.

Hapa wasomaji wetu wa upande wa magharibi wazingatie jambo moja. Saa zetu ni moja nchi nzima, lakini jua haliendi kwa saa za serikali. Dar es Salaam jua hufika utosini kama saa 6 na dakika 20 mchana. Mwanza hufika karibu saa 6 na dakika 50, na Kigoma kama saa 7. Kwa hiyo michezo inayoanza saa 9 alasiri Kigoma inakutana na jua ambalo Dar es Salaam lilikuwa la saa 8 na dakika 20. Afadhali watu wote watumie kipimo cha kivuli, ambacho hakihitaji saa. Kivuli cha mtoto kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, jua ni kali, atafute pa kujikinga.

Baridi isiwadanganye. Watu wa Iringa, Njombe, Mbulu na Bukoba husema kwao hakuna jua. Tumeshasema miale hiyo haina joto la kuhisi. Tena kila mtu apandapo mita 1,000 miale huongezeka kwa karibu sehemu 1 ya 10, na mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa yake. Mchanga mweupe wa ufukweni nao hurudisha kiasi cha miale kutoka chini, ikampata mtoto usoni hata akiwa na kofia.

Mafuta ya kukinga jua

Mafuta haya ni msaada mkubwa, lakini yaje baada ya nguo, wala yasichukue nafasi yake. Sababu ni ya hesabu. Ili kumpaka mtu mzima mwili wote inavyotakiwa, huhitajika kama mililita 30 kwa mara moja, na hupakwa tena kila baada ya saa 2, au mapema zaidi akitoka jasho jingi. Chupa ya mililita 100 itamwishia kabla ya siku mbili. Lakini akivaa kama tulivyoeleza, pamebaki uso, masikio, midomo na kipande cha shingo. Hapo kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kinatosha, na chupa ile ile itapakwa mara 20.

Chagueni yenye namba 30 au zaidi. Yapakwe kama nusu saa kabla ya kutoka. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC ambako kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilifunguliwa mwaka 1992, yalianza kutengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, nayo hutolewa kwa njia ya kliniki. Ulizeni kwenye hospitali ya wilaya au kwa Chama cha Watu wenye Ualbino mkoani mwenu. Mafuta ya mgando hayakingi jua hata kidogo, ingawa yanalainisha ngozi, na krimu za kujichubua ni sumu kwa ngozi ya mtu yeyote.

Wengine wanaohusika

Hatukumaanisha kwamba wenye ngozi nyeusi wakimbie vifua wazi. Wao hatari ya saratani hii kwao ni ndogo sana, lakini wapo wanaopaswa kujihadhari. Anayetumia dawa ya doksisaiklini, kwa mfano, anaweza kuungua kwa jua ambalo siku nyingine lisingemfanya kitu. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI huweza kupata upele na weusi sehemu zinazopigwa na jua. Hao wavae mikono mirefu wakati wa mazoezi na wamweleze mganga.

Na mapadre na masista wetu kutoka Ulaya wanaopenda kukimbia jioni barabarani, wakisalimiwa na watoto, nao wasikilize. Madaktari wa Graz, Austria, mwaka 2006 walilinganisha wakimbiaji wa marathoni 210 na watu wengine 210 wasiokimbia. Kwa wakimbiaji walikuta dalili za kutia shaka kwenye ngozi nyingi zaidi, na wengi wao walikuwa na desturi ya kuvaa singlendi na bukta fupi. Ikiwa ni hivyo kwa jua la Austria, mtajua wenyewe kuhusu letu.

Dalili za kupeleka hospitali

Mzazi amkague mtoto mwenye ualbino mwili mzima mara moja kila mwezi, siku ya kuoga vizuri, bila kusahau nyuma ya masikio na mdomo wa chini. Madoa ya rangi ya kahawia kama madoa ya chai huonyesha kwamba jua limeshapita hapo. Magamba makavu yanayorudi kila yanapobanduka, uvimbe mdogo mgumu, au kidonda ambacho wiki 4 zimepita hakijafunga, hivyo visisubiri. Havitaumiza mwanzoni, na hapo ndipo watu wanapochelewa. Magamba ya mwanzo huondolewa kwa kugandishwa na dawa baridi kliniki, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kidonda kikubwa huhitaji upasuaji na wakati mwingine mionzi, na safari ya Mwanza, Moshi au Ocean Road, Dar es Salaam. Hata asipokuwa na dalili yoyote, apelekwe kliniki ya ngozi mara mbili kwa mwaka.

Kwa mama aliyetuandikia, tunaongeza neno la mwisho kuhusu lile shati. Likishonwa, lisiwe la mashindano peke yake. Avae siku za mazoezi, siku za Utoto Mtakatifu uwanjani, na katika maandamano ya Ekaristi, ambayo kwa kawaida huwa marefu kuliko mita 800. Litaanza kupauka baada ya miezi kadhaa, basi lipimwe kwa mkono dirishani kila mwanzo wa muhula. Na kwa kuwa mikono ya mtoto wa umri huo hurefuka upesi kuliko shati, fundi aache pindo la kutosha ndani ili aweze kulishusha.